Nehemia Alitoka Usiku

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Nehemia 2:11–18)

Ninawasalimu kutoka Kamere, upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, mahali ambapo wengi wenu mmepita garini mkienda kutembea Hell's Gate bila hata kuuliza jina la kituo. Asubuhi ya leo sina maneno makubwa. Nataka kuwasimulia habari ya kamati moja, tangi moja, na kosa nililoliandika mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu, katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano.

Mimi si mchungaji. Ni mzee wa kanisa, na kwa miaka kadhaa nimekuwa karani wa kamati ya ujenzi. Karani husikia yote yanayosemwa, lakini si yote anayoyaandika mahali panapostahili. Hapo ndipo penye habari yangu.

Kama hujafika Kamere, nikueleze kidogo. Watu wetu wengi walikuja huku kutafuta kazi katika mashamba ya maua. Wametoka Nyanza, Magharibi, Kisii, Ukambani na Nyandarua, na sasa wako waliozaliwa papa hapa. Alfajiri barabara hujaa watu waendao kazini na punda wavutao mikokoteni yenye mitungi ya maji. Mtu akihamia Kamere hujifunza kwanza bei ya mtungi wa lita 20, ndipo ajifunze majina ya majirani. Ziwa liko karibu, tunaliona kila siku, lakini kuliona ziwa ni jambo moja na kupata maji ya kunywa ni jambo lingine.

Basi haikuwa ajabu kanisa letu lilipoazimia kuchimba kisima uwanjani. Tulisema kikiisha kuchimbwa akina mama hawatanunua tena maji ya punda, watoto wa shule ya Jumapili watakunywa bure, na kidogo kitakachouzwa kwa majirani kitasaidia mshahara wa mwinjilisti. Mpango mzuri, sivyo? Tulikaa kamatini jioni nyingi. Kila tulipoulizana, "Kikwazo chetu ni nini?" jibu lilikuwa lile lile: pesa. Tukaandika pesa. Tukafanya harambee mara mbili, tukagawa bahasha, na kwa muda wa miezi kumi na minne watu wakatoa. Mama mmoja mjane auzaye samaki ufuoni alileta noti zake zimefungwa katika leso, bado zinanuka samaki. Akaniambia, "Mzee karani, hizi zilikuwa za kununua kitanda. Kitanda kitangoja."

Sasa sikilizeni. Katika mkutano mmoja, tulipokuwa karibu kufunga kwa maombi, mama mwingine aliinua mkono. Huyu ni mzaliwa wa Magharibi, alikuja Kamere akiwa mtu mzima, na meno yake ni meupe kabisa. Akasema, "Wazee wangu, mimi nauliza tu. Watoto wangu watatu wamezaliwa hapa, na wote wana meno ya rangi ya kahawia. Yule mkubwa akicheka hufunika mdomo kwa mkono. Watu husema ni maji ya visima. Je, hicho kisima chetu maji yake yatakuwa ya namna gani?" Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba jambo hilo litatazamwa. Mimi nikageuza ukurasa, na chini kabisa, chini ya neno "Mengineyo", nikaandika: Swali kuhusu meno. Litatazamwa.

Halikutazamwa. Tulinunua tangi la lita 10,000. Tulinunua mabomba. Mtambo wa kuchimba ukaja ukatingisha madirisha ya kanisa siku mbili, na maji yalipopanda akina mama walipiga vigelegele hata punda barabarani wakasimama. Kisha fundi wa kisima akatukumbusha kwamba ni lazima sampuli ipelekwe maabara kabla watu hawajaanza kunywa. Tukaipeleka kama mtu anayepiga muhuri barua iliyokwisha andikwa. Majibu yakarudi: floridi ndani ya maji yale ilipita mara tatu kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 katika lita moja.

Wengine wenu mnaishi mahali ambapo jambo hili halijulikani, kwa hiyo nitalieleza. Sisi wa Bonde la Ufa tumekaa juu ya miamba ya volkano. Tazama Longonot, tazama vilima vya Olkaria. Maji yanayokaa muda mrefu katika miamba hiyo huchukua floridi. Kidogo chake huimarisha meno. Kikizidi, meno ya mtoto yanayojijenga ndani ya ufizi hutoka na madoa, na mtu akinywa nyingi mno kwa miaka mingi hata mifupa yake hudhurika. Hakuna ladha wala harufu. Kuchemsha hakusaidii, kwa maana maji hupungua kwa mvuke na floridi hubaki sufuriani. Meno ya mtu mzima yaliyokwisha kutoka hayabadiliki rangi hivyo. Anayeumizwa ni mtoto mdogo, hasa chini ya miaka minane. Kwa maneno mengine, wale tuliosema tunawachimbia kisima ndio hasa ambao hawakupaswa kukinywa.

Jumapili iliyofuata ilibidi mtu asimame mbele ya ushirika aeleze. Mwenyekiti akanitazama mimi. Nilisimama na kitabu changu mkononi, nikausoma ule mstari wa "Mengineyo" kwa sauti. Yule mama wa samaki alikuwa amekaa safu ya tatu. Sikuona hasira usoni pake; afadhali ningeiona.

Wiki hiyo ndipo nilipousoma tena mlango wa pili wa kitabu cha Nehemia, nami nikaona jambo ambalo nilikuwa nimelipita mara nyingi. Sisi tunampenda Nehemia wa harambee, yule asimamaye na kuwaambia watu waje wajenge. Lakini tazama alivyofanya kabla ya kusema. Alifika Yerusalemu, akakaa siku tatu kimya. Kisha akatoka usiku na watu wachache tu, mnyama mmoja tu, yule aliyempanda. Hakuwaambia wakuu wala makuhani. Akapita Lango la Bondeni, akaenda hata lango la jaa, akitazama kuta zilivyobomoka na malango yalivyoteketea. Na alipofika upande wa chemchemi na birika la mfalme, yule mnyama hakupata nafasi ya kupita. Hebu simama hapo nawe. Kifusi kimeziba. Nehemia ameketi juu ya mnyama wake gizani, na sasa anajua jambo ambalo hakuna mtu angemwambia barazani mchana: kazi yake itakwama wapi.

Wale mliowahi kuingia korongo la Njorowa ndani ya Hell's Gate mtanielewa upesi. Kule juu uwanda ni mpana, punda milia na swala wanatembea watakavyo. Lakini ukishuka korongoni, ziko sehemu ambapo ukinyosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kikundi cha watu mia moja kikija, hakipiti kwa upana wa uwanda. Kinapita kwa wembamba wa pale pembamba, mmoja mmoja. Ukipanua uwanda mara kumi hutakuwa umeongeza hata mtu mmoja upande wa pili. Ndivyo ilivyo kazi yoyote ya mikono ya watu. Ina mahali pake pembamba, na mara nyingi ni pamoja tu kwa wakati mmoja. Sisi kamati tulitumia miezi kumi na minne tukipanua uwanda.

Nisieleweke vibaya. Pesa ilikuwa kikwazo cha kweli. Bwana Yesu mwenyewe katika Luka 14 alisema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza na kuchekwa na wapitao. Lakini sisi tulihesabu shilingi tu. Kupima maji ya visima viwili vitatu vya majirani, kabla ya bahasha ya kwanza kugawiwa, kungegharimu kidogo kuliko chai tuliyokunywa kamatini mwaka ule. Nasema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiandika hesabu ya chai.

Kutoka uwanja wa kanisa, asubuhi zenye baridi, tunaona mvuke mweupe ukipanda upande wa Olkaria. Vijana wetu wengine wameajiriwa huko. Nilimwuliza mmoja wao kazi ile ilianzaje, kisha nikatafuta kusoma zaidi, na historia yake ilinifundisha kuliko nilivyotazamia. Katika miaka ya 1950 visima viwili vilichimbwa kutafuta mvuke, lakini mvuke wa kutosha haukutoka, kazi ikaachwa. Miaka ikapita. Kuanzia 1970 serikali ya Kenya, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ilirudi kupima na kuchunguza eneo lile upya, na mwaka 1973 uchimbaji ukaanza tena. Hata hapo hawakukimbilia kununua mitambo ya umeme. Mitambo haikuwa shida; Italia walikuwa wakipata umeme kwa mvuke wa ardhini tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Swali gumu lilikuwa moja: je, chini hapa mvuke upo wa kutosha, nao utadumu? Wakachimba visima, wakavipima. Kufikia 1976 vilikuwa sita. Ndipo wakaamua kujenga, nao hawakujenga kikubwa. Mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kazi mwaka 1981, wa pili 1982, wa tatu 1985, jumla megawati 45. Walienda kwa mwendo wa mvuke. Na baadaye visima vya kwanza vilipopunguza nguvu, walichimba vingine vya kuongezea, maana pale pembamba palikuwa bado ni pale pale. Vituo vilivyofuata vimekuwa vikubwa zaidi.

Sisemi hawakukosea. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha kituo kimoja kipya, na malalamiko yao yalifika hadi Benki ya Dunia, ikabidi upatanishi ufanywe. Kupima mvuke ni rahisi kuliko kumsikiliza jirani aliyeinua mkono. Najua, kwa maana sisi hatukuwa na mvuke hata kidogo, na bado hatukumsikiliza.

Kinyume cha hadithi ya wale visima sita kilitokea kwa ndugu zetu wa Tanganyika, baada ya vita vya pili vya dunia. Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Wataalamu wachache wakatumwa mwaka 1946, wakaizunguka nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, karibu na Dodoma. Pesa ilikuwapo, mamilioni ya pauni. Watu walikuwapo. Matrekta yakaletwa kwa meli. Lakini mizizi ya vichaka ilivunja majembe ya matrekta, mibuyu ilikataa kung'oka, na udongo wa Kongwa, jua likiupiga baada ya mvua, hukauka ukawa mgumu kama tofali, hata karanga zilizokomaa zisiweze kutolewa chini. Mvua nayo haikuaminika. Wagogo waliokuwa wakikaa pale walizijua tabia za mvua ile na udongo ule tangu zamani. Mwaka wa kwanza walikusudia kusafisha ekari 150,000, wakapata chini ya 10,000. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikapotea. Nikisoma habari hiyo naona ni kamati yetu ya kisima, ila ina ndege.

Turudi Kamere. Tulikuwa na shimo lenye maji yasiyonyweka, tangi tupu, na ushirika uliovunjika moyo. Wengine walisema tukifunge kisima, tusahau. Wengine walisema, na hili liliniogopesha zaidi, kwamba tuwape watu maji hayo hayo, kwani si wote wanakunywa maji ya visima? Mama yule wa Magharibi akasimama tena. Safari hii niliandika kila neno. Alisema, "Hatuwezi kubadilisha mwamba. Basi tuuache mwamba, tutazame paa."

Paa! Kanisa letu lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, mabati matupu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Naivasha si nchi ya mvua nyingi, kwa kuwa milima ya Nyandarua hutukinga. Tukadirie milimita 600 kwa mwaka. Mraba wa mita 200 mara 600 ni lita 120,000. Ondoa inayorukia kando, inayokauka, na ile ya kwanza inayosafisha vumbi na mavi ya ndege ambayo lazima imwagwe. Tuseme zabaki lita 96,000. Gawanya kwa siku za mwaka, unapata lita 260 hivi kwa siku. Maji ya mvua hayajapita katika mwamba wowote, kwa hiyo hayana shida ya floridi.

Mitungi 13 kwa siku, ndugu zangu. Kwa ushirika wetu wote hiyo ni kama kulamba kijiko. Hapo tena tungeweza kukata tamaa. Lakini tulipokwisha kuujua mpaka wenyewe, swali lilibadilika. Hatukuuliza tena, "Tutapataje maji ya watu wote?" Tuliuliza, "Maji haya machache ni ya nani?" Na jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa na maabara: ni ya watoto walio chini ya miaka minane. Tukawahesabu, wakawa kama sabini. Tukaweka kanuni: mtungi mmoja wa lita 20 kwa kila mtoto kila wiki, wa kunywa na wa uji, kisha kinachobaki ni cha akina mama waja wazito. Mtu mzima hachoti. Wazee wa kanisa tulinyimwa hata maji ya chai, na nakiri palikuwa na manung'uniko. Palikuwa na mabishano makali zaidi juu ya watoto wa majirani wasio wa ushirika wetu. Jambo hilo lilichukua mikutano miwili. Mwishowe tuliamua kutazama umri, tusitazame daftari la ubatizo.

Maji ya kisima nayo hatukuyatupa. Ni mazuri kwa kufua, kuosha nyumba, kuchanganya saruji. Tuliandika juu ya bomba kwa rangi nyekundu, SI YA KUNYWA, tukayauza kwa bei ndogo, na pesa ile ndiyo iliyonunua mifereji ya bati ya kuzungushia paa. Mtu mmoja alishauri tuchuje floridi kwa mkaa wa mifupa, kazi ambayo ndugu zetu wa Kanisa Katoliki, Jimbo la Nakuru, wameifanya kwa miaka mingi na wanastahili heshima. Ni njia nzuri. Lakini mkaa ule huchoka, lazima upimwe na kubadilishwa kwa wakati, na sisi hatukuwa na mtu aliyefunzwa ambaye angekaa nao mwaka baada ya mwaka. Kichujio kisichotazamwa ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa maana watu watakiamini. Tukaliweka jambo hilo kando hadi tumpate mtu.

Mvua za Aprili zikaja. Tangi likajaa kwa siku chache, na maji yakamwagika uwanjani, tukasimama mlangoni tukiyatazama yakienda. Unaelewa kilichotokea? Milimita 60 hivi za mvua zinatosha kulijaza tangi la lita 10,000, na zote zinazofuata ni za nyasi. Halafu ukaja ukame wa Desemba. Watoto sabini kwa mitungi sabini ni lita 1,400 kwa wiki. Tangi likaisha katika wiki ya saba. Mahali pembamba palikuwa pamehama. Zamani palikuwa mwambani, sasa pako kwenye tangi. Nehemia naye alikutana na hilo. Alipokwisha kupata barua za mfalme na miti kutoka kwa Asafu, mlinzi wa msitu, ukuta ukapanda, kisha ghafla nguvu za wachukuzi wa mizigo zikaisha na kifusi kilikuwa kingi. Alipokwisha kulitengeneza hilo, adui wakaja, nusu ya watu wakashika mikuki. Alipokwisha kuwapanga, maskini wakalia juu ya madeni. Kila mara alishuka kutazama upya. Ukuta ulikwisha kwa siku 52, lakini ukizisoma siku hizo utaona hazikuwa za kujenga tu.

Kwa hiyo tunajenga msingi wa tangi la pili, na safari hii pesa ipo. Mjane yule wa samaki alitoa tena. Nilitaka kumkatalia, akaniambia nisimzuilie baraka zake. Kinachobana sasa ni Jumamosi. Mtaniuliza, Jumamosi zinabanaje? Hesabuni pamoja nami. Watu wetu hufanya kazi mashambani, na kuanzia Januari hadi karibu tarehe 14 Februari, siku ambayo Ulaya yote inataka maua ya waridi, hakuna anayetoka mapema. Hatuwezi kumwita mtu aliyesimama banda la maua tangu alfajiri aje kubeba mawe. Mvua kubwa tunaitazamia mwishoni mwa Machi au Aprili. Zege nalo, fundi anasema, litahitaji siku 28 kabla ya kubebeshwa lita 10,000, ambazo ni tani kumi. Na udongo wa Kamere ni majivu ya volkano, mwepesi kama unga. Lazima tuchimbe hadi tupate pagumu, la sivyo tangi litainama. Ukirudi nyuma kutoka mvua, ukiondoa zile siku 28, ukaondoa msimu wa maua, zinabaki Jumamosi mbili, alasiri tu. Tungeanza na ratiba ya harambee kama zamani, tungejua hayo mwezi wa Mei tukiwa ndani ya matope.

Maua ya tarehe 14 yamekwisha kusafirishwa. Jumamosi hii saa nane alasiri vijana watachimba, na Jumamosi ijayo watu wa rika langu, ambao hatuwezi tena sururu, tutapanga foleni ya kupitisha mawe mkono kwa mkono. Saruji iko ndani ya chumba cha sakristia, imeinuliwa juu ya mbao.

Mama wa Magharibi sasa ndiye mwenyekiti wa kamati ndogo ya maji. Siku ya kwanza alipoketi alichukua karatasi yangu ya ajenda, akaipindua, akaniambia kwamba tangu leo "Mengineyo" yatatangulia, kisha ndio yafuate mengine. Mkutano wa juzi tulianza hivyo. Palikuwa na jambo moja tu, nalo lililetwa na msichana wa miaka kumi na mmoja wa shule ya Jumapili: mfereji wa upande wa mashariki unavuja kwenye kiungo cha tatu, na yeye ameweka ndoo chini yake.